Shanga zisizo na tundu

Shangazi yangu wa Tanga hajui vizuri ninafanya kazi gani Kampala, na kosa ni langu. Aliponiuliza mara ya kwanza nilikuwa juu ya bodaboda naelekea Wandegeya, nikamjibu mbio mbio kwamba nashughulika na shanga. Tangu hapo kila nikipiga simu, baada ya shikamoo na marahaba, swali ni moja: "Haya, na shanga zako? Zinatoka?" Kwake yeye shanga ni zile za kiunoni, za kutungwa kwenye uzi na kuhesabiwa mafungu.

Wiki iliyopita zilitoka. Ndiyo maana naandika.

Shanga zangu mimi hazina tundu. Ni vitone vya plastiki, polistirini, jamaa ya vile vyombo vyeupe vya kufungia chipsi, vilivyoviringana sawasawa, kila kimoja kipenyo chake mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe nyekundu ya damu ina mikroni 7 au 8, kwa hiyo ushanga wangu mbele yake ni kama limau mbele ya fenesi. Ndani zimelowekwa rangi inayowaka kijani ukizimulika kwa mwanga wa buluu. Zikiwa kwenye tyubu huoni ushanga wowote, unaona maji mazito ya rangi ya ndimu, kama maziwa aliyoyachezea mtoto mwenye rangi za shule.

Kazi ni kuzivika kingamwili, zile protini zenye umbo la herufi Y ambazo mwili huzitengeneza ili kutambua kitu kimoja na kukishika. Hizi zangu zinatambua CD4, protini iliyo juu ya limfosaiti saidizi, aina ya seli nyeupe za damu, ndiyo hiyo hiyo ambayo virusi vya UKIMWI huitumia kama mlango. Ushanga uliovaa kingamwili ukiutia kwenye damu unakwenda kujibandika kwa seli zenye CD4 na kuzipita nyingine. Kwenye darubini unaona seli imezungukwa na nukta za kijani: umeitia alama, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataiona. Hiyo ndiyo nadharia.

Vifurushi vya shanga zilizokwisha kuvikwa vinauzwa. Vinakuja kwa ndege vikiwa kwenye barafu, vinasubiri makaratasi Entebbe, vikitufikia tarehe ya mwisho imeshachungulia. Mkuu wetu wa maabara akaona kwa mafunzo ya wanafunzi tutengeneze wenyewe, maana shanga tupu hukaa friji muda mrefu mradi zisigande, na kingamwili inayohitajika ni kidogo. Nikakabidhiwa mimi.

Kabla sijagusa kitu nilikaa na kalamu. Miligramu 10 za shanga, kiasi ambacho kikikauka kinakaa kwenye ncha ya kisu, ni kama shanga bilioni 18. Eneo la nje la ushanga mmoja ni dogo halielezeki, lakini ukizijumlisha zote unapata sentimita za mraba kama 570. Karatasi ya A4 ina 624. Yaani ukizimenya shanga bilioni 18 na kutandaza maganda yake mezani, unakaribia kufunika karatasi moja ya kuchapia barua. Kingamwili zikipangwa safu moja juu ya karatasi hiyo zinahitajika kama miligramu 0.17. Nikapima 0.2. Naipenda hesabu hii kuliko kipande kingine chochote cha kazi yangu, labda kwa sababu haimwagiki.

Na huko kuviringana sawasawa si jambo la kupita nalo hivi hivi. Zamani ilisadikiwa kwamba ukitaka shanga zilizozidi mikroni chache ziwe na ukubwa mmoja, lazima uzikuze mahali pasipo na uzito, kwa sababu hapa duniani zinaelea au zinatuama kabla hazijamaliza kukua. Wamarekani wakazipeleka kwenye chombo cha angani, na mwaka 1985 shanga za mikroni 10 zilizoundwa huko juu zikaanza kuuzwa kwa ajili ya kusahihishia vipimo. Wakati huo John Ugelstad, mkemia wa Trondheim, Norwei, alikuwa ameshazipata tangu 1976, miguu yake iko chini. Baadaye shanga zake zikatiwa oksidi ya chuma ili zivutwe na sumaku, na leo maabara nyingi zinatenga seli kwa njia hiyo. Nikiwa nimechoka huwa namfikiria mzee yule.

Turudi kwangu. Juu ya shanga zangu kumepandwa vikundi vya kaboksili, vishikizo vya kikemia. Protini nazo zina vikundi vya amino, hasa pale penye laisini, moja ya vipande vinavyoijenga protini. Hawa wawili wanaweza kuoana lakini hawaanzi wenyewe, wanahitaji mshenga, na mshenga wao ni unga mweupe uitwao EDC. Anaikamata kaboksili, anaitia tayari, amino ikija anaiunganisha nayo kisha anaondoka. Hakai kwenye nyumba ya watu, na hilo ndilo linalomfanya apendwe. Ubaya wake ni kwamba hana subira. Kwenye maji, ahadi aliyoifunga inavunjika baada ya muda mfupi tu, ndiyo maana tunamwongezea NHS ya salfo, ambayo inaifanya posa ile idumu kidogo, mpaka protini ifike.

Hatua ya kwanza nilizisafisha shanga kwenye bafa ya MES yenye pH 6 (bafa ni maji yanayozuia pH, kipimo cha uchachu, isibadilike), nikatia EDC na mwenziwe, nikatikisa dakika 20. Hatua ya pili nikazungusha kwenye sentrifyuji, nikamwaga maji ya juu, nikasuuza haraka, nikatia kingamwili kwenye bafa ya PBS, ile ya chumvi na fosfeti, ya pH 7.4, nikaacha ikitikisika saa 3. Kingamwili nilikuwa nimeziandaa kwa adabu zote. Zinapouzwa huwa zimetiwa albumini ya ng'ombe, protini nyingine ya kuzitunza, nayo albumini imejaa laisini tele, ukiiacha humo itaolewa yeye. Basi niliomba chupa isiyo na albumini, na juu ya hapo nikazilaza kingamwili usiku kucha kwenye mfuko wa kuchujia, ndani ya bafa, ili kitu chochote kidogo kilichobaki kitoke.

Kesho yake nikapima maji ya juu, yale yaliyobaki baada ya shanga kutuama. Kipimo chenyewe ni rangi ya kahawia inayogeuka buluu ikikutana na protini. Kama kingamwili zimeshika shanga, maji ya juu yatabaki na kahawia yake. Yangu yaligeuka buluu ya sare ya shule, sawasawa na tyubu ya kingamwili niliyoiweka pembeni kabla sijazitia kwenye shanga. Kingamwili zote zilikuwa majini. Hakuna hata moja iliyohama.

Nikarudia. Buluu.

Nikamsingizia mshenga. EDC hukaa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na mwezi ule umeme ulikatika usiku mara mbili na jenereta ikachelewa. Tena unga huu hunywa unyevu: ukifungua kichupa kikiwa bado cha baridi, hewa ya Kampala inaganda matone ndani na dawa inakufa kimya kimya. Ni lazima ukiache kwanza juu ya meza kipate joto la chumba, ndipo ufungue. Nilijua hilo, lakini aliyekifungua kabla yangu je? Tukaagiza kingine. Kilichukua wiki tano. Kilipofika nilikiacha mezani saa nzima kama mgeni wa heshima, nikafungua, nikafanya kila kitu upya kwa mkono wa pole.

Buluu. Siku hiyo nilikwenda kula rolex mbili, zile chapati za kuviringishia mayai, barabarani na sikurudi kazini.

Maabara yetu ina mama mmoja wa Kinubi kutoka Bombo, amekaribia kustaafu, tunamwita Hajati. Yeye na mimi ndio wawili tunaozungumza Kiswahili humo ndani. Wengine ni Kiganda na Kiingereza. Baraza la mawaziri lilipopitisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima mashuleni, aliniambia, "Sasa watakuja kutuomba tuwafundishe, wale waliokuwa wanatuita watoto wa kambi." Akacheka mpaka akafuta miwani. Hajati hapendi kuulizwa mambo ya kemia kwa kuzungukwa. Ukimjia na maelezo marefu anakukata: nionyeshe.

Nikamwonyesha meza yangu. Akapitisha kidole juu ya kila chupa bila kuigusa, akasimama kwenye chupa kubwa ya lita moja iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: BAFA 7.4.

"Hii nani kaichanganya?"

"Nimeikuta, Hajati. PBS."

"Imeandikwa PBS?"

Haikuandikwa PBS. Iliandikwa BAFA 7.4, na mimi nikajisomea kilichobaki.

Hakusema kitu. Alichukua tyubu mbili za kioo. Moja akatia PBS mpya ambayo tuliichanganya pale pale kutoka vidonge, ya pili akatia ile ya chupa. Zote mbili maji safi, ungeweza kusoma gazeti kupitia humo. Akaleta kloridi ya kalsiamu iliyoyeyushwa, akadondosha matone machache kila tyubu. Ile ya kwanza ikapata wingu jeupe papo hapo, ukungu ukishuka polepole kama maji ya kuoshea mchele. Fosfeti imekutana na kalsiamu, lazima itoe wingu. Ya pili ikabaki vile vile. Akaitikisa. Akaiinua dirishani. Maji.

"Hamna fosfeti humu mwanangu. Hii ni Tris."

Nilikaa juu ya kiti cha magurudumu nikasukumika mpaka ukutani.

Kwa asiye wa kazi hii: Tris ni bafa nzuri, maabara nyingi haziwezi kuishi bila yake, pH yake inaweza kuwa 7.4 ile ile na kipimo cha pH hakitakuambia chochote. Lakini kila molekyuli ya Tris ina kikundi kimoja cha amino. Mimi nilikuwa nimetoa albumini kwa uangalifu ili isije ikaolewa badala ya kingamwili, kisha nikazilaza kingamwili usiku kucha ndani ya bahari ya wachumba wengine. Tulikuja kupata kwenye daftari la zamani kwamba chupa ile ilichanganywa kwa kiwango cha milimola 50 kwa lita. Nikafanya hesabu nyingine, hii sikuipenda. Ndani ya mililita 1, kwa kila kingamwili moja kulikuwa na molekyuli za Tris elfu 37 na ushei. Tena ndogo, nyepesi, zinafika mwanzo. Mshenga alifanya kazi yake vizuri mara zote tatu. Aliozesha kila kaboksili aliyopewa. Nilimsingizia mtu wa watu, nikaagiza mwingine kwa ndege.

Kinachonichoma ni kwamba Tris ina nafasi yake halali kwenye kazi hii hii. Kingamwili zikishashika, zile nafasi zilizobaki wazi unazifunga kwa makusudi, kwa glisini au etanolamini, au hiyo hiyo Tris, ili zisije zikanasa kitu kingine baadaye. Wageni wameingia, unafunga mlango. Mimi nilifunga mlango kwanza, halafu nikasimama ndani nikingoja wageni.

Hajati akachukua kalamu, akaandika juu ya chupa kwa herufi kubwa: HII SI PBS. Akaiacha pale pale.

Raundi ya nne maji ya juu yalibaki kahawia. Sikupiga kelele, nilipiga picha. Nikafunga nafasi zilizobaki kwa glisini, nikazisuuza shanga kwa albumini. Zilikuwa zimegandana vibonge kama wali wa kiporo, nikazitia kwenye beseni la mawimbi ya sauti dakika mbili tatu zikaachana. Siku iliyofuata wenzangu wawili walijitolea damu, fomu za ridhaa zikasainiwa, nikatenganisha seli nyeupe, nikachanganya na shanga, nikaacha nusu saa kwenye nyuzi 37. Nilifikiri joto la mwili ndilo litakalozifurahisha seli.

Zilifurahi kupita kiasi. Kwenye darubini kulikuwa na seli kubwa kubwa zilizojaa kijani, shanga kumi na tano, ishirini, seli imetuna kama mfuko wa mbaazi. Nikamwita kila mtu. Hajati alikuja mwisho, akaweka jicho, akazungusha skrubu ya kulengea ya darubini mbele na nyuma taratibu.

"Ziko juu au ndani?"

Sikuelewa swali. Akanishika mkono akaniwekea vidole kwenye skrubu. Ukiishusha kidogo shanga za pembeni zilipaswa kuonekana kama duara kwenye ukingo wa seli. Zangu zilikuwa katikati, kando ya kiini. Nikaenda kutazama tyubu ya kulinganishia, yenye shanga zilizovikwa kingamwili isiyotambua kitu chochote cha binadamu. Seli zile zile, mbaazi zile zile.

"Hizo hazijatiwa alama," akasema. "Hizo zimekula."

Zilikuwa monosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe. Kazi yao mwilini ni kumeza vitu vya kigeni, na kitone cha mikroni 1 kwao ni tonge la kutosha kabisa, wala hazihitaji kutambua CD4 ili kulimeza. Tena zina vipokezi vinavyoshika mkia wa kingamwili, kwa hiyo hata ushanga uliovikwa upuuzi zinaukaribisha.

Ndipo Hajati akavuta kiti akaanza kusimulia, jambo analolifanya mara chache. Zamani, mashine za kupitisha seli moja moja mbele ya leza zilikuwa chache, na mahali pengine CD4 ilihesabiwa kwa mkono: shanga za plastiki zilizovikwa kingamwili, damu, kioo, darubini ya kawaida, na kile kidude cha kubofya kwa kidole gumba. Unatafuta seli iliyozungukwa na shanga kama ua, unabofya. Shida ni kwamba monosaiti nazo zina CD4, kidogo, lakini zinayo. Wakati ule mstari ulikuwa seli 200 za CD4 kwa kila mikrolita ya damu. Mtu akipimwa chini ya 200 anaanzishiwa dawa, akiwa juu na hana dalili kubwa anaambiwa arudi siku nyingine.

"Sasa wewe ukibofya monosaiti," akasema, "umempa mtu seli ambazo hana. Karatasi inasoma mia mbili na kumi. Anarudi nyumbani."

Kwa sababu hiyo njia nyingine zilianza kwa kuziondoa monosaiti, kwa shanga zenye kingamwili za CD14, protini iliyo juu ya monosaiti, ndipo zikaletwa za CD4. Shirika la Afya Duniani liliupandisha mstari hadi 350 mwaka 2010, hadi 500 mwaka 2013, na mwaka 2015 likaufuta: anayekutwa na virusi aanze dawa, hesabu yake iwe ngapi iwayo. Hajati aliitaja miaka hiyo bila kufikiri, kama mtu anayetaja miaka ya kuzaliwa wanawe. Nilitaka kumuuliza zaidi, simu yake ikalia akatoka.

Basi Alhamisi nilifanya hivi. Seli kwenye barafu tangu mwanzo hadi mwisho, maana kwenye nyuzi 4 monosaiti hazina nguvu za kumeza. Kabla ya shanga nikatia kingamwili za kawaida za binadamu kwa wingi, ili vile vipokezi vya mikia vishibe kwanza. Shanga nikapunguza, nikachanganya kwa kugeuzageuza tyubu kwa mkono na siyo kwa mashine. Tyubu ya kulinganishia ikatoka karibu giza tupu. Ya CD4 ikatoka na seli ndogo za mviringo, baadhi zimevaa nukta nne, baadhi sita, moja nilihesabu kumi na moja, zote ukingoni. Kando yake seli nyingine za ukubwa ule ule, hazijaguswa.

Nukta bado ni chache kuliko nilivyotaka. Laisini zimetawanyika kingamwili nzima, kwa hiyo mshenga anazifunga popote anapoipata, na nyingine bila shaka zimesimama kichwa chini, mikono ya kushikia imebanwa kwenye plastiki na mkia uko hewani. Ipo dawa ya hilo: unaanza kuvika protini A, inayotokana na bakteria Staphylococcus aureus, ambayo hushika kingamwili mkiani na kuacha mikono nje. Lakini protini A haichagui, itashika na kingamwili za damu ya mtu mwenyewe, kwa hiyo seli lazima zisuuzwe sana, na mimi kwa sasa sina hamu ya kufungua mlango mwingine. Wiki ijayo natengeneza za CD14. PBS nachanganya mwenyewe.

Ijumaa jioni, foleni ya teksi ikiwa haisogei, nilimpigia shangazi. Shikamoo, marahaba, na shanga zako? Nikaona leo nimweleze kweli. Nikamwambia ni ndogo hazionekani kwa jicho, hazina tundu, tunazivika dawa kisha tunazitia kwenye damu zikamatane na askari wa mwili ili tuwaone. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hazina tundu," akasema.

"Hazina, shangazi."

"Sasa uzi unapita wapi?"

Nikamwambia hakuna uzi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama huku mvua zimeanza.